Pedali za Kunasa Kwenye Mchanga wa Ushongo

Pedali ya kunasa ni pedali ya baiskeli inayoshika kiatu cha mwendeshaji kwa nguvu ya springi. Mbele yake kuna ndoana isiyocheza, nyuma kuna taya la chuma linalofunguka na kujifunga. Chini ya kiatu, kwenye soli, hufungwa kipande kidogo cha chuma au plastiki kiitwacho kliti. Kliti ikikanyagwa juu ya pedali, taya huipokea na kujifunga kwa mlio mfupi, na tangu hapo mguu na pedali huzunguka pamoja. Kutoka si kwa kuvuta. Mwendeshaji husukuma kisigino kuelekea nje, mbali na fremu, na taya huachia.

Habari yote ya kuanguka imo katika namna hiyo ya kutoka. Mtu aliyeendesha baiskeli ya kawaida tangu utotoni, akitaka kusimama huinua mguu na kuutua ardhini. Mwili hufanya hivyo bila kuulizwa. Kwenye pedali ya kunasa, mguu unaoinuliwa moja kwa moja hauendi popote. Baiskeli imekwisha kusimama, mguu bado umenaswa kama ndege kwenye ulimbo, na kinachobaki ni kulala chini taratibu, aghalabu mbele ya watu. Ni anguko la baiskeli iliyosimama, si la mwendo kasi. Baiskeli inayotembea hujiokoa kwa usukani: ikilalia upande mmoja, mwendeshaji hukata usukani upande huohuo na magurudumu hurudi chini ya uzito wake. Iliyosimama haina msaada huo.

Kiswahili kimeviweka vitendo hivi viwili ubavu kwa ubavu, kunasa na kunasua. Anayeanza hujifunza cha kwanza kwa dakika chache akadhani amehitimu. Cha pili ndicho kinachotaka siku kadhaa.

Kifaa chenyewe kilizaliwa kutokana na shida ya kutoka. Zamani waendesha baiskeli wa mashindano walitumia kikapu cha chuma kilichofunika vidole vya mguu na kukazwa kwa mkanda wa ngozi, na kabla ya kusimama ilibidi mkono ushuke kulegeza mkanda. Mwaka 1971 kampuni ya Cinelli ya Italia ilitoa pedali ya M71, iliyoshika kiatu bila kikapu wala mkanda, lakini nayo ilifunguliwa kwa mkono. Jawabu lilitoka kwenye theluji. Kampuni ya LOOK ya Ufaransa ilikuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kutelezea thelujini, ambavyo humwachia mtu anapoanguka ili mguu usivunjike. Maarifa hayo iliyahamishia kwenye baiskeli, na mwaka 1984 pedali yake ikaingia sokoni. Mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda Tour de France akiitumia, na vikapu vikaanza kutoweka. Jina la Kiingereza la pedali hizi bado linakumbuka vikapu hivyo, kwani maana yake ni pedali isiyo na kibanio, jina la ajabu kwa kitu kinachobana kuliko kikapu chochote.

Mwaka 1990 kampuni ya Shimano ya Japani ilileta mfumo wa SPD kwa ajili ya baiskeli za milimani. Kliti yake ni ndogo, ya chuma, na huzama ndani ya soli. Tangu hapo pedali za kunasa zimegawanyika katika makabila mawili. Za barabarani hutumia kliti kubwa, kwa kawaida ya plastiki, inayofungwa kwa skrubu tatu na kutokeza chini ya kiatu. Za milimani hutumia kliti ndogo ya skrubu mbili. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne kati ya mwaka 2013 na 2017 kwa pedali za barabarani, na za namna hiyo ndizo zilizotawala Kigali mwezi Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza.

Ushongo ni mahali pengine kabisa. Kijiji hiki cha Wilaya ya Pangani kipo kusini mwa Mto Pangani, kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini Pangani, na njia ya kukifikia ni ya vumbi na mchanga, ikipita kwenye minazi hadi ufukweni mkabala na Kisiwa cha Maziwe. Hapa mwendeshaji hushuka mara kwa mara na kusukuma. Aliyevaa kliti kubwa ya plastiki hutembea kama bata, na mchanga huila plastiki hiyo upesi. Kwa njia kama hizi chaguo la busara ni moja: SPD au jamii yake, kliti ya chuma iliyozama, kiatu chenye meno ya kukanyagia ardhi. Anayenunua kiatu cha mtumba akigeuze kwanza na kuhesabu matundu ya soli. Viatu vya matundu matatu peke yake havitamsaidia.

Kuna uamuzi mwingine unaofaa kufanywa kabla ya kupanda. Shimano hutengeneza kliti za SPD za namna mbili zinazofanana kwa mbali. SH51 huachia kisigino kinapozungushwa kando tu. SH56 huachia kwa njia zaidi ya moja, hata mguu unapoinuliwa kwa nguvu huku umepinda. Mwanamashindano huikwepa SH56 kwa kuhofia mguu kuchomoka katikati ya mbio. Kwa anayejifunza, udhaifu huo ndio wokovu wake. Jambo la pili ni springi. Kwenye pedali nyingi za SPD kuna skrubu ndogo inayozungushwa kwa spana ya pembe sita ya milimita 3, na kuizungusha kuelekea alama ya kutoa hulegeza mshiko. Ianze ikiwa imelegezwa mpaka mwisho, pande zote mbili za pedali na kwa miguu yote miwili. Watu wengi huanguka kwa sababu walipanda na springi kama ilivyotoka dukani.

Kliti hukaa chini ya sehemu pana ya unyayo, nyuma ya vidole, au nyuma yake kidogo kwa safari ndefu. Ikikaa upande, goti ndilo litakalolipa. Pedali nazo zina mtego wake wakati wa kuzifunga: ya kushoto ina nyuzi za kinyume, hukazwa kwa kuzungushwa kushoto. Fundi asiyejua hilo huharibu mkono wa krenki kwa dakika moja.

Mafunzo huanza baiskeli ikiwa imesimama. Mwanafunzi huketi juu ya baiskeli huku mkono mmoja ukishika ukuta au shina la mnazi, mnazi usio na nazi zilizokomaa, kisha hunasa na kunasua mguu mmoja mara 50, halafu wa pili. Idadi inachosha, na lengo ni hilo hasa: mguu uache kufikiri. Kidole gumba hubaki mahali pake, kisigino ndicho kinachotoka nje. Anayehisi goti likikaza mwanzoni aangalie pedali ilipo, kwa sababu mguu ulio chini kabisa ya mzunguko hugeuka kwa urahisi kuliko ule uliokwama katikati.

Hatua ya pili inahitaji uwanja, na ufukwe wa Ushongo unao. Wakati wa bamvua maji yakipwa huacha nyuma yake mchanga mpana ulioshiba maji, mgumu kiasi cha kubeba tairi na laini kiasi cha kupokea mtu. Siku za maji mafu nafasi hiyo hupungua. Asubuhi ni bora, kabla upepo wa kusi haujashika nguvu. Mwanafunzi huenda mita 30 na kusimama, tena na tena, mguu mmoja tu ukiwa umenaswa, wa pili ukikaa juu ya pedali bila kufungwa. Akizoea ndipo anase yote miwili.

Kusimama kwenyewe kuna mpango. Mguu utakaotua huchaguliwa mapema na haubadilishwi. Vitabu vya nchi ambazo magari hupita kulia huweza kuutaja mguu wa kulia, lakini Tanzania magari hupita kushoto, ukingo wa barabara upo kushoto, na mwendeshaji anayeangukia kulia huangukia njiani mwa lori. Atumie wa kushoto. Faida nyingine ndogo ni kwamba mnyororo upo kulia, kwa hiyo suruali husalimika na grisi. Mita kumi au zaidi kabla ya kusimama, pedali ya kushoto ikiwa chini, kisigino husukumwa nje na mguu huwa huru huku baiskeli bado inatembea. Breki hubanwa taratibu. Baiskeli inapokaribia kusimama, usukani hukatwa kidogo kulia. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini kwa mwendo mdogo kukata kulia huifanya baiskeli ielemee kushoto, upande ambao mguu tayari unasubiri. Mwendeshaji hushuka mbele ya tandiko na kutua.

Kuondoka ni kinyume chake. Mguu wa kulia umenaswa na pedali yake imepandishwa mbele, karibu na juu. Msukumo mmoja wa nguvu huipa baiskeli mwendo. Mguu wa kushoto hauna haraka. Hukanyaga mizunguko miwili mitatu bila kunasa, na huingia pale baiskeli inapotiririka yenyewe. Kuinamisha kichwa kutafuta kliti huku baiskeli ikipepesuka ni kosa la kawaida, na kupanda kilima huku ukihangaika kunasa ni kubwa zaidi.

Mchanga tifutifu ndio mtihani wa kweli, kwa kuwa humsimamisha mtu bila idhini yake. Kwenye lami mwendeshaji huona makutano kwa mbali. Kwenye njia ya Ushongo gurudumu la mbele huzama ghafla, mwendo hufa ndani ya sekunde moja, na mpango wote wa mita kumi hauna nafasi. Nahodha wa ngalawa anaijua hali hii kwa namna yake: upepo wa vishindo unapotarajiwa, kamba ya demani haifungwi fundo gumu, hushikwa mkononi tayari kuachiliwa. Vivyo hivyo mguu wa kushoto unasuliwe kabla ya kuingia mchangani, hata kama njia inaelekea kupitika. Gia nyepesi ichaguliwe mapema, uzito urudishwe nyuma, miguu iendelee kuzunguka bila kukoma. Mwendo ukionyesha dalili ya kufa, kutua kwa mguu ni bora kuliko kushindana.

Pamoja na yote hayo, kuanguka mara moja au mbili ni jambo la kutarajiwa. Anayeanguka akiwa amesimama hatakiwi kunyoosha mkono kuzuia ardhi, kwani kiganja hupeleka pigo kwenye kifundo cha mkono na mtulinga. Ni heri kuendelea kushika usukani na kupokea pigo kwa paja na bega. Mara nyingi pigo lenyewe huichomoa kliti. Kofia ngumu na glavu hubaki lazima hata ufukweni.

Pwani ina madhara yake kwa chuma. Chumvi hula skrubu za kliti, mchanga hujaa kwenye taya, na taya lililojaa hukataa kunasa au, mbaya zaidi, hukataa kuachia. Baada ya kuendesha ufukweni pedali, mnyororo na soli huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hukaushwa, na taya hutiwa tone la mafuta. Skrubu za kliti hupakwa grisi kabla ya kufungwa na kukaguliwa kila mara kwa spana ya milimita 4. Ukaguzi huu haufai kupuuzwa. Skrubu moja ikidondoka, kisigino huzunguka lakini kliti hubaki palepale juu ya pedali, na hakuna ustadi utakaomtoa mtu. Aliyekumbwa na hali hiyo aendelee kuendesha baiskeli, alegeze kiatu, na autoe mguu akikiacha kiatu kwenye pedali.

Je, usumbufu wote huu una faida gani? Wauzaji husema mguu unaonaswa huvuta pedali juu na kuongeza nguvu. Vipimo vya maabara havikubaliani nao sana: katika mwendo wa kawaida, kuvuta juu hakumpunguzii mtu uchovu. Faida iliyo wazi ni mguu kutoteleza kwenye mawe, matuta na mvua ya masika, na kubaki mahali pamoja kwa saa nyingi. Kwa anayesafiri kilomita 50 hivi kati ya Tanga na Pangani kwa mazoezi, hiyo ni faida ya kutosha. Kwa mchuuzi wa samaki mwenye tenga kwenye karia, au kijana aliyebeba nazi na mtu mmoja nyuma, haifai hata kidogo. Mzigo huvuta baiskeli upande bila taarifa, na mguu wake lazima uwe huru wakati wote. Pedali bapa na kandambili zake ni uamuzi sahihi.

Anayetoka Ushongo kurudi mjini Pangani akafika Bweni, kando ya mto, kusubiri kivuko, anasue miguu yote miwili kabla ya mteremko wa gati na asukume baiskeli kwa mkono. Kliti ya chuma juu ya sakafu ya chuma iliyolowa huteleza, hata kwa mwendeshaji ambaye hajaanguka njia nzima.