Kimbia na Kimbiza: Mnyambuliko wa Kiswahili na Mawindo ya Roboti

Katika mawindo ya roboti, moja huisaka nyingine, nayo ya pili hujitahidi isinaswe. Tawi hili la nadharia ya michezo lilipewa msingi na Rufus Isaacs katika kitabu alichokichapisha mwaka 1965. Katika mfano wake mashuhuri, dereva wa gari anamwinda mtu wa miguu. Gari lina kasi, lakini haliwezi kukata kona ghafla. Mtu hana kasi, lakini hugeuka apendavyo. Kila mmoja hana budi kuchagua hatua yake kwa kuzingatia hatua iliyo bora kwa mpinzani.

Je, Kiswahili chaweza kuibeba fikra hii? Mzizi mmoja watosha. *Kimbia* ni tendo la mkwepaji. *Kimbiza*, kauli ya kutendesha, ni la msakaji, kwani ndiye asababishaye mbio. *Kimbizana* huwafunga wote wawili katika mchezo mmoja, na *kimbilia* hudokeza shabaha ya mkwepaji.

Wala fikra yenyewe si ngeni. Usukumani, iliko Sapiwi ya Bariadi, sungusungu walioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliwasaka wezi wa ng'ombe kwa mwano, yaani yowe lipokewalo kijiji hadi kijiji, ili njia zizibwe kabla mwizi hajafika. Vivyo hivyo, roboti kadhaa zisizo na kasi zaweza kuinasa yenye kasi kwa kuizingira.

Basi istilahi na itafutwe kwanza katika mizizi ya lugha yenyewe, kabla ya kuazimwa ugenini.