Sheep View 360

Sheep View 360 ilikuwa kampeni ya utalii ya Visiwa vya Faroe iliyoanza Julai 2016. Kondoo walifungwa kamera mgongoni ili kupiga picha za mandhari ya visiwa hivyo. Picha hizo ziliwekwa kwenye Google Street View, sehemu ya ramani za Google inayomwezesha mtu kutazama mahali kana kwamba amesimama hapohapo.

Usuli

Faroe ni visiwa 18 katika Atlantiki ya Kaskazini, kati ya Iceland na Norwei. Ni sehemu ya Ufalme wa Denmark yenye serikali yake ya ndani. Wakazi ni zaidi ya 50,000, na kondoo ni wengi kuliko watu. Street View ilianzishwa mwaka 2007 ikaenea katika nchi nyingi, lakini hadi 2016 ilikuwa haijafika Faroe. Msafiri aliyepanga safari yake kwa kutumia ramani hakuweza kuona barabara wala vijiji vya huko.

Utekelezaji

Kazi hiyo ilianzishwa na Durita Dahl Andreassen, mfanyakazi wa bodi ya utalii, Visit Faroe Islands. Kamera ilitumia umeme wa jua na kupiga picha za nyuzi 360. Picha zilitumwa kwenye simu yake pamoja na majiranukta ya GPS, naye akazipakia kwenye Street View. Kwa kuwa kondoo hufuata malisho, si barabara, kampeni iliomba pia Google ije kukamilisha kazi.

Agosti 2016 Google ilipeleka kamera zake. Wakazi na watalii waliziazima, wakapiga picha wakitumia baiskeli, mikoba ya mgongoni, meli na hata toroli. Picha za Street View za visiwa hivyo zilitolewa rasmi Novemba 2017.

Baada ya kampeni

Idadi ya watalii iliongezeka miaka hiyo, na njia za miguu katika baadhi ya vivutio zikaanza kuharibika. Aprili 2019 maeneo kadhaa yanayotembelewa zaidi yalifungwa kwa watalii kwa wikendi moja. Watu 100 wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walipewa chakula na malazi, wakashirikiana na wenyeji kutengeneza njia na kuweka vibao vya kuelekeza wageni. Zoezi hilo lilirudiwa baadaye.