Pampu Isiungue: Namna ya Kuchagua Stata ya Mota

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia Rusizi II, kituo cha umeme kwenye mto unaotoa maji Ziwa Kivu kuyapeleka Tanganyika. Kilianza kazi mwaka 1989 chini ya SINELAC, shirika la pamoja la Burundi, Rwanda na Kongo. Umeme wake unazungusha pampu za maji na mashine za kusaga. Pampu ikiungua, watu wanarudi kuteka ziwani na mtoni, na kipindupindu tunakijua. Fundi yupo nasi. Fundi, karibu.

FUNDI: Asante, dada. Shikamooni wazee, na salamu kwa wote.

MTANGAZAJI: Stata ni nini hasa?

FUNDI: Ni kifaa cha kuwasha, kuzima na kulinda mota. Mota ikiwa imesimama, siku zote huwa na njaa. Ukiiwasha moja kwa moja, inavuta umeme mara sita au saba kuliko inapofanya kazi. Pampu ya kilowati 7.5 inayotumia karibu ampea 15 inaweza kuvuta ampea 100 kwa muda mfupi. Ukiwa mwisho wa laini, nyaya ndefu na nyembamba, umeme unashuka, taa zinafifia, na mota yenyewe inakosa nguvu ya kuondoka.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo kuwasha moja kwa moja ni kosa?

FUNDI: Hapana. Kwa mota ndogo na laini yenye nguvu, ni njia rahisi, ya bei nafuu, na fundi yeyote anaweza kuitengeneza. Tatizo ni mota kubwa kwenye laini dhaifu.

MTANGAZAJI: Hapo tufanye nini?

FUNDI: Kuna nyota-delta. Mota inaanza kwa nyota, ikishapata mwendo inahamia delta. Umeme wa kuwashia unashuka hadi theluthi moja. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi. Pampu ya kawaida inayosukuma maji kwa feni inaweza kuondoka. Mashine ya kusaga iliyojaa mahindi haitaondoka. Itanguruma mpaka iungue. Iwashe ikiwa tupu, ndipo umimine nafaka.

MTANGAZAJI: Mnunuzi atajuaje kama mota yake inafaa?

FUNDI: Asome kibao cha mota. Kwa umeme wetu wa fezi tatu wa volti 400, kibao kiseme delta 400, nyota 690. Kikisema 230 kwa 400, usiifunge nyota-delta: ikifika delta itapata volti nyingi mno na kuungua.

MTANGAZAJI: Na pampu za kisimani?

FUNDI: Pampu ya kuzama ni nyepesi, hivyo wakati wa kuhama kutoka nyota kwenda delta inapunguza mwendo haraka, kisha inashtuka. Huko bora stata laini, inayopandisha volti polepole. Inazima polepole pia, kwa hiyo maji hayagongi ndani ya bomba. Inveta ni ghali zaidi, lakini inabadili mwendo wenyewe wa mota. Inafaa pale mahitaji ya maji yanapopanda na kushuka. Kama pampu inajaza tangi tu, kisha inazimwa, huenda hela hiyo ingefaa zaidi kununua ulinzi.

MTANGAZAJI: Ulinzi gani?

FUNDI: Wengi wanadhani fyuzi inatosha. Fyuzi inalinda waya. Mota inalindwa na relei ya joto, iliyowekwa kwenye ampea za kibao, siyo zaidi. Ikikata mara kwa mara, tafuta sababu, usiipandishe. Ongeza kifaa cha kukata fezi moja ikipotea, maana mota ya fezi tatu ikibaki na mbili inapata joto haraka. Kisimani, weka kifaa cha kuzima pampu maji yakiisha.

MTANGAZAJI: Umeme ukikatika na kurudi ghafla?

FUNDI: Stata yenye kontakta na kitufe inajiachia umeme ukikatika. Mashine haiwaki yenyewe mkono wa mtu ukiwa ndani. Kwa mashine ya kusaga, hilo linaokoa vidole.

MTANGAZAJI: Tufupishe, fundi.

FUNDI: Kabla ya kununua, kamati ijiulize mambo manne. Kibao cha mota kinasemaje? Laini yetu ina nguvu kiasi gani? Mota inaanza na mzigo au bila mzigo? Na kifaa kikiharibika, nani hapa atakitengeneza, na vipuri vinapatikana wapi? Na mtu asifungue kisanduku kabla ya kukata umeme na kuhakikisha kwa kipimo.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, kamati yenu ikikaa tena kuzungumzia pampu, ombeni kwanza kibao cha mota kisomwe kwa sauti. Mpaka wiki ijayo, kwaheri.

(Muziki unapanda.)