Kwa nini muuguzi hukuuliza maswali mengi unapolazwa

AGHALABU mtu anapolazwa hospitalini hushangaa kwamba baada ya daktari kumhoji na kumpima, muuguzi naye huja na fomu yake na kuanza upya. Ulikula nini jana? Usingizi unapata? Choo je? Nyumbani unaishi na nani? Wapo wanaoyaona maswali hayo kuwa udaku, na wapo wanaodhani kwamba muuguzi anairudia kazi ya daktari. Ukweli ni kwamba wawili hao wanatafuta vitu tofauti. Daktari anausaka ugonjwa. Muuguzi anataka kujua ugonjwa huo umekunyima uwezo wa kufanya nini.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa masomo yanayotolewa katika vyuo kadhaa vilivyo magharibi mwa jiji la Nairobi, kuanzia makao makuu ya Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta, hadi shule ya uuguzi ya Nairobi Hospital. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa stashahada ya juu kwa wauguzi waliokwisha kuhitimu mwaka 1968, na shahada ya kwanza ikafuata mwaka 1992. Baraza la Wauguzi, ambalo huwatahini na kuwasajili kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1983, nalo lina ofisi zake upande huo huo, katika barabara ya Kabarnet inayochepuka kutoka Ngong Road.

Mizizi ya fani hii humrudisha mtu kwa Florence Nightingale, Mwingereza aliyezaliwa Mei 12, 1820, tarehe ambayo sasa huadhimishwa kote duniani kuwa Siku ya Wauguzi. Alipowasili na wauguzi 38 katika hospitali ya kijeshi ya Scutari, Uturuki, mnamo Novemba 1854 wakati wa vita vya Crimea, aliwakuta askari wakifa kwa maradhi ya uchafu kuliko kwa majeraha ya vita. Vifo vilipungua sana mwaka uliofuata, hasa baada ya tume ya usafi iliyotumwa kutoka Uingereza kuzibua mitaro ya maji machafu na kuingiza hewa safi ndani ya majengo. Hatimaye Nightingale alishikilia kwamba wajibu wa muuguzi ni kumweka mgonjwa katika mazingira ambamo maumbile yenyewe yataifanya kazi ya kuponya: hewa, mwanga, maji safi, chakula na utulivu. Kitabu chake kuhusu uuguzi kilichapishwa mwaka 1859, na mwaka uliofuata shule yake ikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Watu humkumbuka kwa taa aliyotembea nayo usiku. Kwa maoni yangu, takwimu zake za vifo ndizo zilizostahili kukumbukwa zaidi. Na yeyote anayevijua vyumba vya mabati vya Kawangware au Kangemi, ambamo jiko la makaa na kitanda hutenganishwa na pazia tu, hahitaji kushawishiwa kwamba hewa ni sehemu ya tiba.

Karibu karne moja baadaye, Mmarekani Virginia Henderson alilikabili swali lililokuwa likiwakera wauguzi wengi: ikiwa daktari ndiye anayetibu, kazi yetu wenyewe ni ipi? Jibu lake, ambalo Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilichapisha mwaka 1960, lilikuwa kwamba muuguzi humfanyia mtu yale ambayo mtu huyo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa, na humfanyia kwa namna itakayomrejeshea uwezo wa kujitegemea upesi iwezekanavyo. Pale ambapo kupona hakupo tena, humsaidia afe kwa amani. Henderson aliorodhesha mahitaji 14 ya mwanadamu, kuanzia kupumua, kula na kulala hadi kuabudu, kufanya kazi na kujifunza. Yale maswali yanayoonekana kuwa ya udaku yana asili yake katika orodha za aina hii.

Wengine walifuata. Hildegard Peplau, mwaka 1952, aliweka uhusiano baina ya muuguzi na mgonjwa katikati ya uuguzi. Dorothea Orem, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alisema kwamba kila mtu huwa na wajibu wa kujitunza, na kwamba muuguzi huingia pale tu ambapo uwezo wa mtu umepungukiwa na mahitaji yake. Aliye mahututi hufanyiwa yote, anayepata nafuu hufanyiwa nusu, na anayejiweza hufunzwa tu. Nadharia hii inatufaa sana siku hizi, maadamu kisukari na shinikizo la damu ni maradhi ambayo mgonjwa huyauguza mwenyewe nyumbani kwa miaka mingi.

Ida Jean Orlando, aliyeandika mwaka 1961, alionya dhidi ya kosa ambalo kila mgonjwa analijua. Muuguzi humwona mtu akigaagaa kitandani, akaamua kuwa ni maumivu, akampa dawa. Kumbe mgonjwa anataka kwenda msalani na anaona haya kusema. Orlando alisisitiza kwamba muuguzi aseme alichokiona, amuulize mgonjwa maana yake, kisha ndipo atende.

Kutokana na fikra kama hizo uliibuka utaratibu unaofunzwa leo karibu kila mahali. Mwaka 1967 Helen Yura na Mary Walsh waliuandika ukiwa na hatua nne, na katika miaka ya sabini ikaongezwa ya tano. Hebu tuchukue mfano wa kubuni wa mama wa makamo kutoka Riruta, aliyelazwa kwa kidonda cha mguu kilichotokana na kisukari. Kwanza muuguzi hukusanya habari: hupima joto, shinikizo la damu na sukari, hukikagua kidonda, na huuliza nani humpikia na kama huvaa viatu. Pili hutambua matatizo yaliyo chini ya mamlaka yake. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwani muuguzi hasemi "kisukari", jambo ambalo daktari amekwisha kulisema. Husema kwamba mama huyu hana hisia katika unyayo na yumo katika hatari ya kuumia tena bila kujua; kwamba hajui kujidunga insulini; kwamba ana hofu ya kukatwa mguu. Tatu huweka mpango wenye shabaha inayoweza kupimwa, kwa mfano kwamba kufikia siku ya nne mama ajidunge mwenyewe huku akitazamwa. Nne huutekeleza. Tano hupima matokeo, na iwapo mama bado anatetemeka sindano mkononi, mpango hubadilishwa. Yote hayo huandikwa, ili muuguzi wa zamu ya usiku asianze kubahatisha.

Umuhimu wa hatua ya kwanza ulidhihirika kwa njia ya kutisha mapema mwaka 2018 katika Hospitali ya Kenyatta. Wanaume wawili walikuwa wamelazwa: mmoja alihitaji kupasuliwa kichwa ili aondolewe damu iliyoganda, na mwingine alikuwa na uvimbe ambao haukuhitaji kisu. Vitambulisho vyao vikachanganywa, na asiyestahili ndiye aliyefikishwa mbele ya wapasuaji. Waligundua saa kadhaa baadaye, walipoikosa damu waliyokuwa wakiitafuta. Daktari mpasuaji, muuguzi wa wadi, muuguzi wa chumba cha upasuaji na mtaalamu wa nusukaputi walisimamishwa kazi. Kumuuliza mgonjwa jina, na kulilinganisha na kitambulisho na faili, ni jambo dogo linalochosha likirudiwa mara kumi kwa siku, lakini hakuna hatua nyingine iwezayo kusimama bila hilo.

Je, utaratibu huu hufuatwa? Vitabuni, naam. Katika wadi zilizofurika, muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa kadhaa wa kuwageuza, kuwalisha na kuwapa dawa, mpango ulioandikwa huwa wa kwanza kuachwa. Uhaba wa wauguzi ulikuwa miongoni mwa malalamishi wakati wa mgomo wao wa kitaifa uliodumu kuanzia Juni hadi Novemba 2017. Henderson mwenyewe, akiwa mkongwe mwaka 1982, alihoji iwapo utaratibu huo unastahili hata jina lake, kwani kupima, kupanga na kutathmini ni mbinu ya kila mtaalamu, na aliona kwamba unaweza kuisahau busara inayotokana na uzoefu. Nakubaliana naye kwa kiasi. Fomu iliyojazwa vizuri haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Hata hivyo mgonjwa ana nafasi yake. Mkataba wa kitaifa wa haki za wagonjwa wa mwaka 2013 unampa haki ya kuelezwa kuhusu matibabu yake, na kwa upande mwingine unamtaka atoe habari za kweli kuhusu afya yake. Muuguzi akiuliza kama umemeza dawa za mitishamba, au kama umeruka vidonge kwa kukosa nauli ya kwenda kliniki, jibu lako ndilo litakaloingia katika mpango wa siku hiyo.