Jino la Kupandikizwa Likianza Kucheza, Usisubiri Liume

Tuseme ulipandikiziwa jino miaka miwili iliyopita. Leo unatafuna hindi la kuchoma, mara unahisi jino linacheza. Ni kidogo tu, na haliumi. Hapo wengi huwaza moja kati ya mawili: "Basi, kipandikizi kimeng'oka, hela yangu imekwenda," au "Si haliumi? Litasubiri." Mara nyingi yote mawili si sahihi, na hilo la pili ndilo ghali zaidi.

Jino la namna hii lina sehemu tatu kuu. Chini kuna kipandikizi chenyewe, kijiti cha titani kilichozama ndani ya mfupa wa taya. Juu kuna taji, ile sehemu nyeupe unayotafunia. Kinachoviunganisha ni skrubu ndogo yenye unene wa kama milimita 2.

Mfupa na titani hushikana vizuri mno. Mgonjwa wa kwanza wa daktari Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, Gösta Larsson, aliwekewa vipandikizi mwaka 1965 akavitumia hadi alipofariki mwaka 2006. Kwa hiyo jino likicheza, mtuhumiwa wa kwanza huwa ni skrubu.

Hebu tuone skrubu inavyofanya kazi. Daktari anapoikaza, inavutika kidogo sana, kama mpira unapoinyoosha. Kwa kuwa inataka kurudi kwenye urefu wake, inavuta taji na kipandikizi vibanane. Mbano huo ndio unaoshika jino. Ukipungua, vipande vinaanza kuachana na kurudiana kila unapouma, na kila mtikisiko unazidi kuilegeza skrubu.

Sasa, mbano unapunguaje?

Kwanza, skrubu huenda haikukazwa vya kutosha. Watengenezaji wengi wanataka nguvu ya Ncm 30 hadi 35. Hiyo 35 ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo tatu na nusu kwenye mkono wa spana wenye urefu wa sentimita 1. Bisibisi ya vidole kwa kawaida haifiki hapo, ndiyo maana kuna spana maalumu yenye kipimo.

Pili, vyuma hujikalisha. Fundi akikubadilishia tairi hukwambia utembee kidogo, kisha urudi akaze nati tena, si ndiyo? Hata chuma kinachoonekana laini kina vijinundu vidogo. Vikishabanwa vinasagika, na mbano unashuka. Kwa sababu hiyo madaktari wengi husubiri dakika 10 hivi, kisha wanakaza mara ya pili.

Tatu, taji au daraja la meno lisipokaa sawasawa, sehemu ya nguvu ya skrubu inaishia kulivuta likae, badala ya kubana.

Nne ni mzigo wenyewe: kusaga meno usiku, taji lililo juu kuliko meno mengine, au daraja lenye jino linaloning'inia pembeni bila nguzo chini yake.

Lakini kwa nini haliumi? Jino la asili limezungukwa na nyuzinyuzi zenye neva, zinazokuambia mara moja kwamba umeuma vibaya. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Kimya chake kisikudanganye.

Ukiendelea kutafuna, skrubu inachoka. Kunja waya huku na huku mara nyingi, mwisho utakatika. Skrubu nayo hukatika, na kipande kinabaki ndani ya kipandikizi. Mara nyingi daktari huweza kukitoa kwa vifaa maalumu. Lakini hesi za ndani zikiharibika, unaweza kulazimika kung'oa kipandikizi kizima kilichoshikana na mfupa barabara, kisa tu skrubu iliyolegea.

Kwa hiyo ukihisi jino linacheza, acha kutafunia upande huo, na umwone daktari ndani ya siku chache. Taji likitoka, liokote uende nalo. Usiligundishe mwenyewe! Daktari atapiga picha ya eksirei kuona kama kweli kipandikizi kiko imara, atafungua kijazio kinachoficha tundu la skrubu, ataikagua, na huenda akaweka mpya. Hapa ndipo utaona faida ya skrubu: taji linatoka na kurudi bila kuvunjwa.

Kabla hujaondoka, uliza swali moja: "Daktari, imelegea kwa sababu gani?" Kukaza tena kunachukua dakika chache. Ila kama chanzo ni kusaga meno au taji lisilokaa sawa, skrubu mpya nayo italegea, na safari ijayo inaweza kukatika.