Jinsi fedha za corona zilivyokwama ghalani

MGONJWA anayefika katika hospitali ya Kyuso, kaskazini mwa Mwingi, Kaunti ya Kitui, huenda asijue kuwa dawa atakayopewa hutegemea maamuzi yanayofanywa jijini Nairobi. Sakata ya vifaa vya corona ya 2020 ilidhihirisha uhusiano huo.

Mamlaka ya Usambazaji wa Dawa Nchini (KEMSA) huendeshwa kwa mtaji wa mzunguko. Hununua dawa na vifaa kwa wingi na kuziuzia kaunti, kisha malipo hayo hutumika kuagiza shehena nyingine. Marekebisho ya sheria ya 2019 yalizitaka kaunti zinunue kwanza kutoka kwa KEMSA.

Corona ilipothibitishwa nchini Machi 2020, barakoa na mavazi ya kujikinga yalikuwa yameadimika duniani na bei kupanda. KEMSA ilitumia takriban Sh7.8 bilioni kununua vifaa hivyo.

Ripoti maalumu ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Bi Nancy Gathungu, ilifichua Septemba 2020 kwamba sehemu kubwa ya ununuzi huo haikuwa na bajeti iliyoidhinishwa, na kwamba bei zilizidi zile za soko.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 huruhusu ununuzi wa moja kwa moja, bila zabuni ya wazi, panapotokea dharura. Hata hivyo, haiondoi sharti la kuwapo kwa fedha wala la bei ya haki.

Uhaba huo haukudumu, kwani viwanda vya humu nchini vilijitosa katika utengenezaji. Huko Syongila, karibu na mji wa Kitui, kiwanda cha nguo cha KICOTEC, kilichoanzishwa na serikali ya Gavana Charity Ngilu, kiligeukia barakoa, kikilenga kushona 30,000 kwa siku.

Bei ziliposhuka, shehena ya KEMSA ilikosa wanunuzi. Kuiuza kwa bei ya soko kulimaanisha hasara. Kuishikilia kulimaanisha kufungia mtaji ghalani.

Na mtaji uliofungiwa ghalani hauwezi kuagiza dawa za malaria wala za shinikizo la damu.

Kwa mkazi wa Kyuso, hasara ya aina hiyo haisomwi vitabuni. Huijua siku anapopewa kikaratasi na kuambiwa akajinunulie dawa dukani.