Mtoto anaumwa mguu usiku tu? Usikimbilie kusema anakua

Mchana anacheza mpira kama wenzake. Saa nane usiku anaamka analia, ameshika paja. Akipewa ibuprofeni, baada ya muda anatulia na kulala. Kesho yake usiku ni yale yale.

Wazazi wengi husema ni mifupa inakua. Mara nyingi ni kweli, lakini maumivu ya kukua kwa kawaida huwa ya miguu yote miwili. Yakiwa ya mguu mmoja, mahali pale pale, wiki baada ya wiki, mpeleke hospitali.

Sababu mojawapo, ingawa ni nadra, ni uvimbe mdogo ndani ya mfupa uitwao osteoidi osteoma, ambao daktari Henry Jaffe wa New York aliueleza mwaka 1935. Si saratani. Huwapata zaidi watoto wakubwa na vijana, wavulana kuliko wasichana, hasa kwenye mfupa wa paja au wa muundi. Kiini chake kwa kawaida hakifiki sentimita 2, lakini hutoa kwa wingi kemikali zinazoleta maumivu. Ibuprofeni huzizuia, ndiyo maana mtoto hupata nafuu.

Kipimo cha kwanza ni eksirei. Huweza kuonyesha mfupa ulionenepa wenye doa jeusi. Tatizo ni kwamba wakati mwingine haionyeshi chochote, hasa uvimbe ukiwa karibu na kiungo au kwenye uti wa mgongo, na mtoto anarudishwa nyumbani akiambiwa hana kitu. Kumbe anacho.

Hapo ndipo CT inapohitajika. Hupiga picha za mfupa vipande vyembamba, na kiini huonekana kama kiduara cheusi, pengine chenye kitone cheupe katikati. MRI ni ghali zaidi, lakini kwa ugonjwa huu inaweza kupotosha: huonyesha sana majimaji yaliyozunguka kiini, yakafanana na maambukizi au hata saratani. Bei kubwa si lazima ilete jibu bora.

Baadhi ya uvimbe huu huisha wenyewe baada ya miaka kadhaa. Mwingine hutolewa kwa upasuaji, au huunguzwa kwa sindano inayoongozwa na CT, yenye joto la nyuzi 90 hivi, kwa dakika chache.

Ukienda kwa daktari, mweleze saa maumivu yanapoanza, mahali penyewe na dawa inayotuliza. Usimpe mtoto ibuprofeni kila usiku bila ushauri. Huweza kuumiza tumbo na figo. Na akiwa na homa, anapungua uzito au anachechemea, usisubiri wiki ziishe.